Nilishamwambia Binti wa Serikali

Alhamisi asubuhi, katika chumba cha chini ya kanisa letu, palikuwa mahali pazuri kuliko pote kwenye bonde la Pigeon. Kahawa ilianza kuchemka saa mbili. Maharage yalikuwa jikoni kwenye sufuria kubwa, mkate wa mahindi ukitoa harufu, na mimi, Lorna Caudill, niliyesimamia stoo ya chakula ya kanisa kwa miaka kumi na tisa, nilipanga makopo na siagi ya karanga mezani huku nikiwatania waliowahi. Watu walikuja kuchukua chakula, lakini wengi walikaa kwa ajili ya joto, na kwa ajili ya Bibi Orpha Sizemore.

Bibi Orpha alikuwa na miaka themanini na moja, mjane wa mchimba makaa, mdogo wa umbo, mkubwa wa mdomo. Hakukubali kuondoka na boksi la chakula bila kuacha kitu. Kila Alhamisi alileta keki yake ya matufaha makavu, ile ya matabaka sita, akaiweka mezani na kuonja kahawa yangu.

"Lorna mwanangu," alikuwa akisema, "hii kahawa yako ni nyepesi mpaka nimeona vidole vya miguu yangu humo ndani."

"Kunywa uone na magoti, Bibi."

Ndivyo tulivyokuwa. Nataka mumkumbuke hivyo, jirani zangu, kabla sijawaeleza tulivyomfanya. Nasema tulivyomfanya, sisi sote, na kila ninapofika kwenye mstari huu napata kinyaa.

Mwezi wa nane alianguka jikoni kwake akavunjika nyonga. Mwanawe Rodney, mwenye miaka hamsini na ushei, alirudi kutoka jimbo la jirani kuja kumtunza. Tulimsifu sana. Pale kanisani mchungaji alimwombea mbele ya watu wote, naye Rodney akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Hakuna aliyejiuliza kwa nini amerudi wakati uleule ambapo hospitali imeanza kumpa mama yake vidonge vikali vya maumivu. Au tulijiuliza tukanyamaza, maana kwetu milimani mambo ya nyumba ya mtu ni ya nyumba ya mtu.

Mwezi wa tisa wakaja wanafunzi.

Huja kila mwaka kutoka chuo cha juu ya kilima, na karatasi zao za kujaziwa saa walizojitolea. Wengine wanasomea kazi hii ya ustawi wa jamii kwa miaka minne, hao wana wasimamizi wanaowafuata kama kuku na vifaranga. Lakini wapo wanaoisoma kama somo la kando tu, kozi tano, saa arobaini za kujitolea, na insha moja ndefu kuhusu mtu waliyemsaidia. Marlee Dorsett alikuwa wa kundi hilo. Binti wa jiji la Louisville, mchangamfu, meno meupe, haoni shida kubeba maboksi mazito. Nilimpenda, sitawadanganya.

"Ninachosomea hasa ni matangazo ya biashara, Bi Lorna," aliniambia siku ya kwanza. "Ustawi wa jamii ni kando tu. Ila unapendeza ukiuandika kwenye barua ya kuomba kazi."

Alilisema bila haya, kama mtu anayechagua achari ya kuweka pembeni ya sahani. Nikacheka. Leo nikikumbuka kicheko changu nataka kujipiga kofi.

Chuo kilimpa beji yenye neno "Mwanafunzi" kwa herufi kubwa. Wiki ya pili alikuja amevaa nyingine, aliyojitengenezea kwenye duka la kuchapisha, ina utepe wa zambarau. Ilisema: MARLEE DORSETT, USTAWI WA JAMII. Basi.

"Umepandishwa cheo lini?" nikamuuliza.

"Ah, Bi Lorna! Ile ya chuo picha yangu imetoka kama mfungwa."

Nikaacha. Na hapa ndipo pa kunisikiliza vizuri, maana kosa hili lingeweza kutokea kwetu tu. Nyinyi mnajua jinsi tulivyo. Bonde letu limezoea watu wa beji. Mtu akiingia uani na beji kifuani na faili mkononi, hatumuulizi jina wala kazi. Awe amekuja kupima maji, kuhesabu watu, au kuchukua watoto wa mlevi, kwetu huyo ni serikali. Na kinachosemwa mbele ya serikali kimeshasemwa. Babu zetu walipoteza ardhi kwa maneno waliyoyasema mara moja mbele ya mtu mwenye faili. Kwa hiyo hatusemi ovyo, na tukishasema, hatusemi tena.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa Bibi Orpha, aliyekuwa akija kwa magongo hata baada ya kuvunjika, aliacha kuja Alhamisi. Meza ikabaki bila keki. Wiki ya kwanza nikasema ni nyonga. Wiki ya pili nikamwita Marlee.

"Mpelekee Bibi Orpha boksi lake, nyumba ya bluu kwenye kona ya kijito. Umwangalie anaendeleaje."

Macho yakamng'aa. "Kwa hiyo huyu anaweza kuwa mteja wangu? Wa insha?"

"Mwite unavyotaka, mradi maziwa yasiharibike."

Ilikuwa tarehe tisa mwezi wa kumi. Niliyoyakuta baadaye kwenye insha yake nitawaeleza sasa hivi, msije mkadhani yule mama alinyamaza. Marlee alirekodi mazungumzo kwenye simu, kisha akayaandika neno kwa neno, ndivyo walivyofundishwa. Pembeni aliweka maelezo yake mwenyewe.

Bibi Orpha alikuwa kitandani chumba cha nyuma. Aliitazama ile beji muda mrefu.

"Wewe ndiye wa serikali?"

Hapo Marlee ameandika pembeni: *Nilitabasamu ili kumjengea imani.* Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Alitabasamu!

"Basi sogea, kaa hapa kitandani, na uongee polepole," Bibi Orpha akasema. "Rodney yuko nje na pikapu lake. Mwanangu, hili nitalisema mara moja tu, maana yule ni mtoto wangu niliyemzaa mwenyewe. Vidonge vyangu anakula yeye. Mimi ananipa aspirini. Akitoka anafunga komeo kwa nje, wakati mwingine mpaka kesho yake. Juzi nimejikojolea nikaita mpaka sauti ikakauka. Nina kidonda kisigino kinanuka, nadhani unakisikia. Sitaki afungwe jela. Nataka nitolewe humu kabla ya baridi. Umeandika?"

"Nimeandika, Bibi."

"Umeandika vizuri?"

"Kila neno."

Kisha Marlee akauliza swali alilofundishwa darasani: "Unajisikiaje kuyasema haya?"

"Najisikia nimemuuza mwanangu," Bibi Orpha akajibu. "Lakini nimeshasema. Sasa nitasubiri."

Akasubiri. Jirani zangu, mwanamke yule alisubiri siku arobaini na saba.

Marlee alirudi kwangu siku ile uso unawaka. "Mtu wa ajabu, Bi Lorna! Amefunguka kabisa, dakika kumi tu!"

"Anaendeleaje?"

Akaweka kidole mdomoni. "Siwezi kusema. Ni siri ya mteja."

Na mimi mjinga nikamheshimu zaidi. Nikajisemea, hawa ni watu waliosoma, wana taratibu zao, kama kuna neno litafika panapostahili. Nikasaini karatasi yake. Alikuwa amefanya saa mbili siku ile, nikaandika nne, kwa kuwa ni mtoto mzuri na alikuwa anawahi mechi ya timu ya chuo. Wiki iliyofuata nikafanya vilevile. Saini yangu ipo pale mara tisa, na tano kati ya hizo ni uongo.

Alikwenda kwa Bibi Orpha mara mbili zaidi. Mara ya pili mama alimuuliza neno moja tu: "Wanakuja lini?" Marlee, bila kuelewa anaulizwa nini, alijibu kwamba mambo haya huchukua muda. Mara ya tatu Rodney alisimama mlangoni akasema mama amelala. Marlee akageuka. Kwenye karatasi ya saa ameandika: *Mteja alikuwa anapumzika. Saa mbili.*

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, Delphia Combs anayekaa ng'ambo ya kijito aliona dirisha la nyuma liko wazi, akavuka kwenda kuchungulia. Alimkuta Bibi Orpha amejifunika blanketi la viraka mpaka kidevuni, na harufu ilimrudisha hatua moja nyuma.

"Bibi Orpha, nikuitie mtu?"

"Usijisumbue, mwanangu," akajibiwa. "Nilishamwambia binti wa serikali. Ameandika kila neno."

Delphia alikuja kuniambia. Nilikuwa nafungua kopo la maharage, wala sikugeuka.

"Marlee anashughulikia," nikasema.

"Haya, kama serikali inajua," Delphia akasema, akaenda zake.

Sheria ya jimbo letu haisemi aliyesoma ndiye apige simu. Inasema yeyote anayejua. Namba ya kuripoti wazee wanaoteswa ilikuwa ukutani kwangu, juu ya birika la kahawa, niliibandika kwa mkono wangu mwaka ule stoo ilipofunguliwa. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiifuta vumbi.

Jumanne ya wiki ya Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, Marlee alinialika chuoni kuona kazi za wanafunzi. Ukumbi ulikuwa unang'aa. Palikuwa na vipande vya jibini vilivyochomwa vijiti, juisi ya matufaha, na wazazi waliovaa vizuri. Bango la Marlee lilikuwa kubwa kuliko yote, maana matangazo ndiyo fani yake hasa. Lilisema: SAUTI YA BONDE: UZEE NA USTAHIMILIVU. Chini yake picha ya kijito na majani ya vuli, na maneno katika herufi za kupendeza: *"Nimeshasema. Sasa nitasubiri." Bibi O., miaka 81.*

Nilianza kusoma insha iliyobandikwa pembeni. Nilikuwa na jibini mkononi. Nilipofika kwenye komeo la nje, kile kipande kilianguka zuliani. Nilipofika kwenye kisigino, nilimshika Marlee mkono.

"Hii ni lini?"

"Ipi, Bi Lorna?"

"Komeo! Kidonda! Alikwambia lini?"

"Ile siku ya kwanza. Umeona jinsi nilivyotumia maneno yake mwenyewe?"

"Ulimwambia nani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali lisilo kwenye mtihani. "Ni siri ya mteja, Bi Lorna. Ndiyo maana nimeandika Bibi O."

Profesa wake, mama mmoja mpole aitwaye Haskell, alisikia sauti yangu akaja mbio. "Marlee, si ulipiga simu? Wiki ya tisa nilifundisha mipaka ya usiri. Mtu akiwa hatarini unapiga simu siku hiyohiyo."

"Wiki ya tisa nilikuwa kwenye mechi ya ugenini," Marlee akasema. "Lakini, Profesa, wewe uliisoma rasimu. Uliandika *maelezo hai sana*."

Ilikuwa kweli. Rasimu ilikuwa pale mezani, imepambwa kwenye faili safi, na maneno ya profesa kwa wino wa kijani kando ya aya ya kisigino. Ya tarehe thelathini mwezi wa kumi.

"Nilidhani," Profesa Haskell akasema. "Nilidhani ameshapiga."

Alidhani. Delphia alidhani. Mimi nilidhani. Mama alikuwa anaoza mguu kitandani, na sisi tuliokuwa tunajua tulikuwa tumepangana mstari, kila mmoja akidhani wa mbele yake ndiye mwenye kazi.

Nilipiga simu nikiwa nimesimama katikati ya ukumbi. Nusu saa baadaye nilikuwa kwenye kona ya kijito na naibu sherifu, askari wa wilaya. Rodney hakuwepo. Komeo lilikuwepo, limefungwa, jipya, linang'aa. Sitaeleza tulichokikuta ndani kwa sababu Bibi Orpha alikuwa mwanamke msafi na hangependa. Nitasema tu kwamba alikuwa hai, kwamba alikuwa na uzito wa mtoto, na kwamba aliponiona alisema, "Lorna, sina keki."

Hospitali ilimkata mguu chini ya goti.

Siku ya tatu akaja afisa wa ustawi wa jamii, wa kweli, Bi Geneva Boggs, mama wa makamo mwenye viatu vilivyochakaa na sura ya mtu aliyeona mengi. Alikuwa ameshaandaa kila kitu. Kulikuwa na nafasi katika nyumba ya wazee mjini, chumba chenye dirisha la kutazama mlima. Kilichobaki ni maneno ya Bibi Orpha mwenyewe. Mzee mwenye akili timamu hatolewi nyumbani kwake kwa kukokotwa. Lazima aseme.

Bi Geneva alivuta kiti. Beji yake ikaning'inia. Bibi Orpha aliiona, akageuzia uso ukutani.

"Mama Orpha, naomba unieleze ilivyokuwa pale nyumbani."

"Nimeshasema."

"Ulisema kwa nani, Mama?"

"Nilisema tangu mwezi wa kumi. Mkaandika. Mkasikia, mkaniacha. Maana yake mmeamua. Sasa unataka niseme tena ili iweje?"

"Komeo lilikuwa la nini, Mama?"

"La mbwa."

"Na vidonge?"

"Nilikuwa namwaga mwenyewe. Vinanipa kizunguzungu."

Bi Geneva akanitazama. Nikapiga magoti kando ya kitanda, mimi na unene wangu wote. "Bibi Orpha, sikiliza. Yule binti hakuwa wa serikali. Alikuwa mwanafunzi wa pale kilimani. Hakuna aliyeamua kukuacha. Serikali haikuwahi kujua."



"Mwanafunzi?"

"Ndiyo."

"Wa kusomea kazi hii?"

"Kando tu, Bibi. Anasomea matangazo."

Bega lake likatikisika, nikafikiri analia, kumbe anacheka, kicheko kibaya ambacho sijapata kukisikia kwake. "Kwa hiyo nilimuuza mwanangu kwa mtoto wa shule."

"Sema tena. Mara hii watasikia. Nakuomba."

"Lorna," akasema, bado anatazama ukuta, "wewe una watoto. Neno kama lile mama hulitoa mara moja. Mimi langu limeshatoka. Liko kwenye daftari la yule binti, nendeni mkalisome."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hatukuweza kumtoa neno jingine. Rodney alikuja amenyoa ndevu, ameshika maua, akalia hospitalini mpaka wauguzi wakamletea maji. Bi Geneva alijaribu kila mlango alioujua. Insha ya Marlee haikumsaidia, maana mwenye maneno alikuwa hai na alikuwa anayakana. Katikati ya mwezi wa kumi na mbili Bibi Orpha alirudi kwenye nyumba ya bluu, na mguu mmoja, kwenye pikapu la mwanawe.

Wiki hiyohiyo Marlee alikuja stoo. Alikuwa amekonda kidogo, macho mekundu. Aliniletea karatasi ya saa.

"Bi Lorna, nimebakiza saini ya mwisho. Ya msimamizi. Muhula unafungwa Ijumaa."

Nilimtazama. Nilingoja aulize hali ya Bibi Orpha.

"Najua nilikosea," akasema. "Nimelia sana. Lakini kwa kweli nimejifunza mengi mno kutoka kwa Bibi Orpha."

"Sawa, amekufundisha. Wewe umempa nini?"

"Nilimsikiliza," akasema kwa sauti ndogo. "Hakuna mtu mwingine aliyemsikiliza."

Na lililonitia hasira zaidi ni kwamba hapo alikuwa mkweli. Alimsikiliza vizuri, alirekodi, aliandika kila neno. Elimu bila amali ni kama nta bila asali, wahenga walisema, na ile nta Marlee aliing'arisha mpaka ikapata alama ya juu kabisa.

"Umemwambia kwamba hukuwa wa serikali?" nikamuuliza. "Umekwenda pale ukamwomba radhi?"

"Profesa alinishauri nisiende. Kwa ajili ya..."

"Siri ya mteja."

Nilichukua ile karatasi, na nilipoipitia niliona mwandiko wangu mwenyewe, nne, nne, tatu, nne, mahali palipostahili mbili na moja. Kinyaa nilichokuwa namwonea yeye kikanigeukia. Sikusaini. Niliandika barua kwa chuo, ya kurasa mbili, nikaeleza yake, na nikaeleza ya saini zangu za uongo, na nikabandika ile karatasi nyuma yake. Kisha nikaacha usimamizi wa stoo. Wazee wa kanisa waliniomba nibaki. Nilikataa, kwa sababu mwenye kutia saini asichokiona hafai kukabidhiwa hata makopo.

Marlee alicheleweshwa muhula mmoja. Akarudia wiki ya tisa. Mwezi wa tano, kwenye mahafali, jina lake lilisomwa pamoja na wengine, na somo lake la kando likatajwa, na watu wakapiga makofi. Nasikia sasa yuko Louisville, anatengeneza matangazo ya nyumba za wazee.

Bibi Orpha hakuwepo kuyasikia hayo. Alifariki mwezi wa pili, Alhamisi, kwenye chumba cha nyuma. Nilikuwa nikienda kila siku mbili, na Rodney akinifungulia mlango kwa adabu. Kila mara nilimuuliza mama: Kuna unachotaka kuniambia? Kila mara alitabasamu, akasema kahawa ya thamosi yangu ni nyepesi kama kawaida. Kwenye mazishi Rodney ndiye aliyelia kuliko wote. Sahani ya keki ya matabaka sita bado iko kwangu. Sikuwahi kuirudisha.

Funzo

Wazazi wenye watoto vyuoni, na nyinyi wanafunzi mnaosoma mambo ya watu wenye shida, hata kama ni kando tu: mtu mwenye shida si kando. Usivae jina la kazi usiyoifanya. Ukiulizwa "wewe ndiye wa serikali?" na wewe siye, usitabasamu. Sema hapana, kwa sauti, kabla mtu hajakupa neno ambalo hana la pili.

Walimu, mkisoma kilio cha mtu msikipe alama kwanza.

Na sisi wa bonde hili tuache kujificha nyuma ya beji za wengine. Tulimwona Rodney, tukamsifu. Tuliona meza haina keki. Tulisikia harufu. Tukasema kuna mwenye kazi yake. Hakuna. Mtu akikwambia, umeambiwa wewe, si serikali, si kanisa, si msomi wa kilimani. Ukiona, umeona wewe. Namba ile bado iko ukutani juu ya birika la kahawa, safi, haina vumbi hata kidogo, na ningeipiga siku ile Delphia aliponiambia, leo ningekuwa nimelalamikiwa kahawa na mtu mwenye miguu miwili.